Wanaoomba kazi ya jela ya kaunti Marekani waelezwe kwanza kuhusu doria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Siku hizi makala na matangazo yanayowaelekeza ndugu zetu waliohamia Marekani kwenye ajira yanaitaja kazi ya ofisa wa jela ya kaunti sambamba na maghala, malori na nyumba za kulelea wazee. Wanaambiwa cheti cha sekondari kinatosha, bima ya afya ipo, pensheni ipo na saa za ziada hazikosekani. Yote hayo ni kweli. Lakini kazi yenyewe haielezwi, na anayeingia akidhani ni kushika funguo na kupaza sauti anaweza kufiliwa na mtu zamuni kwa jambo ambalo lingeonekana kwa kumtazama kwa makini dakika moja. Nitazungumzia Texas, ambako watu wa Afrika Mashariki na Kongo ni wengi katika Houston na Dallas, na ambako masharti ya jela yameandikwa waziwazi.

Msomaji wa Kenya akisikia kaunti atamfikiria gavana na zahanati. Huku jela ya kaunti iko chini ya sherifu, ambaye huchaguliwa kwa kura. Waliohukumiwa vifungo virefu hupelekwa magereza ya jimbo au ya shirikisho. Wanaobaki jela ya kaunti ni mahabusu wanaosubiri kesi, pamoja na wenye vifungo vifupi. Kwa Texas kifungo cha kosa dogo la daraja la juu kabisa hakizidi mwaka 1. Nchi nzima, siku yoyote ile, watu zaidi ya 600,000 wamo katika jela hizi, na takriban 7 katika kila 10 hawajahukumiwa kwa lolote. Mahakama ya Juu ilishasema tangu 1979, katika kesi ya Bell v. Wolfish, kwamba mahabusu hawezi kuadhibiwa kabla ya kupatikana na hatia. Anazuiwa tu. Ofisa asiyeshika hilo kichwani ataharibu kila kitu kinachofuata.

Hawa watu huingia na kutoka upesi, wengine kwa saa chache, wengine kwa siku mbili. Gerezani askari hupokea mtu mwenye jalada: magonjwa yake yanajulikana, hasira zake zinajulikana. Jela ya kaunti hupokea mtu aliyetolewa barabarani usiku wa manane, na hakuna ajuaye amekunywa kiasi gani, anatumia insulini au la, wala amemeza nini alipoona taa za polisi. Ndiyo maana kujiua ndiyo sababu moja inayoongoza kwa vifo katika jela hizi. Mwaka 2019 walikufa watu 1,200 katika jela za mitaa Marekani, na 355 kati yao walijiua.

Basi kazi huanzia mapokezi. Kabla ya kumpokea mtu kutoka kwa polisi aliyemkamata, mtazame akiwa bado kwenye gari au mlangoni. Asiyeamka, anayevuja damu nyingi, aliyegongwa kichwa na sasa anatapika au anasinzia, huyo hapokelewi. Aende hospitali kwanza, arudi na karatasi ya daktari. Harufu ya pombe isikudanganye. Mtu anaweza kunuka pombe na wakati huohuo fuvu lake linavuja damu kwa ndani. Kisha muulize polisi maneno mahususi: Amesema lolote kuhusu kufa? Umempulizia dawa ya pilipili au kumpiga shoti? Amepigana? Umemwona akimeza kitu? Polisi akishaondoka majibu hayo huondoka naye, na kumpata tena usiku huo ni kazi.

Upekuzi unataka glavu na subira. Uliza kwanza, "Una sindano au kitu chenye ncha?" Mfukoni usitie vidole wala usiteleze kiganja juu ya nguo, bonyeza kidogokidogo, kwa sababu sindano humchoma anayepapasa haraka. Angalia kola, mshono wa kiunoni, pindo la suruali, soksi, soli za viatu, nywele, na mdomoni chini ya ulimi. Wanawake hupekuliwa na wanawake, isipokuwa dharura ya kweli, na dharura hiyo huandikwa. Mali yake ihesabiwe mbele yake, fedha noti kwa noti, naye atie sahihi. Pete usiiandike "dhahabu", iandike "pete ya madini ya rangi ya njano", na saa iandikwe kwa rangi yake na jina lililochorwa usoni mwake. Wewe si sonara, na ukiandika dhahabu kaunti italipa dhahabu.

Halafu fomu ya maswali ya afya na kujiua, ambayo Texas ni lazima ijazwe kwa kila anayeingia. Hapa ndipo uzembe unapoua. Ofisa aliyechoka husoma maswali kwa pumzi moja huku macho yako kwenye kompyuta, naye mahabusu aliyezungukwa na watu wanane hujibu "hapana, hapana, hapana". Msogeze pembeni, mtazame, uliza swali moja, subiri. Uliza moja kwa moja kama anafikiria kujiua na kama amewahi kujaribu. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, ila humpa mlango wa kusema. Waswahili wenzetu mara nyingi hawatasema "nataka kujiua" kwa sababu ya aibu na dini. Watasema "nimechoka na dunia", "bora Mungu anichukue", "watoto watabaki na mama yao". Kauli kama hiyo iandikwe ilivyotamkwa, na muuguzi na msimamizi waarifiwe papo hapo.

Asiyejua Kiingereza atafutiwe mkalimani kwa simu. Usimtumie mahabusu mwenzake hata siku moja, maana anachokisikia hapo atakitumia. Raia wa kigeni aambiwe haki yake ya ubalozi wake kujulishwa, kwa Mkataba wa Vienna wa 1963. Kwa Mkenya ni hiari yake. Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo ubalozi wake hujulishwa hata mhusika asipotaka. Lakini kama mtu ameomba hifadhi ya ukimbizi, habari hiyo haitajwi kwa ubalozi kamwe.

Sandra Bland alikamatwa Julai 2015 kaunti ya Waller, Texas, baada ya kusimamishwa kwa kosa la barabarani, na siku tatu baadaye alikutwa amekufa selini. Majibu yaliyoandikwa wakati wa mapokezi yalikuwa yanagongana kuhusu kujaribu kujiua siku za nyuma. Wakaguzi wa jimbo wakaikuta jela hiyo na mapungufu katika doria za ana kwa ana na katika mafunzo ya afya ya akili. Sheria yenye jina lake ilipitishwa 2017. Sherifu akipata habari za kuaminika kwamba mtu huenda ana ugonjwa wa akili, sasa ana saa 12 za kumjulisha hakimu, ambapo zamani zilikuwa 72. Ofisa wa jela husomeshwa afya ya akili kwa saa 8. Kifo cha jela huchunguzwa na chombo kingine cha dola, si jela yenyewe. Anayeomba kazi hii Texas aisome sheria hiyo kabla hajapimwa sare.

Sasa doria. Masharti ya Texas yanataka kila mahabusu aonwe ana kwa ana angalau mara moja kila dakika 60. Wagonjwa wa akili, wanaodhaniwa wanaweza kujiua, wenye vurugu na wenye mienendo isiyoeleweka, waonwe kila dakika 30. Kwa anayelindwa asijiue jela nyingi hupunguza hadi dakika 15, au huweka mtu mlangoni asiyeondoka. Dakika hizo ni kikomo, si ratiba. Ukipita kila saa inapotimia, walio ndani wataijua ratiba yako kuliko wewe mwenyewe. Pita baada ya dakika 22, kisha 14, kisha 29. Rudi ulikotoka mara moja moja.

Kumwona mtu maana yake ni kuona ngozi yake na pumzi yake. Usiku kurunzi ielekezwe kifuani au ukutani karibu naye, isipigwe machoni. Hesabu kifua kikipanda na kushuka mara tatu. Aliyejifunika gubigubi aitwe ajifunue uso, hata akitukana. Matusi ni dalili njema, anayetukana yuko hai. Kioo cha mlango kilichobandikwa karatasi kibanduliwe sasa hivi, si mwisho wa zamu. Sikiliza vilevile: mkoromo mzito wenye mapengo marefu kwa mtu ambaye huwezi kumwamsha si usingizi. Huenda ni fentanili, dawa ya kulevya kali inayozima pumzi. Tazama midomo iliyogeuka bluu au kijivu na mboni zilizosinyaa kama tundu la pini. Ita msaada, puliza puani naloksoni, dawa inayozindua waliozidiwa na dawa za aina hiyo, mpe pumzi, na kama hajibu puliza nyingine baada ya dakika 2 au 3. Akizinduka usimrudishe kitandani peke yake. Naloksoni huisha nguvu kabla ya baadhi ya dawa za kulevya kuisha, na mtu huzama tena.

Mlevi wa miaka mingi aliyekatiwa pombe ghafla ni hatari ambayo maofisa wapya hawaijui kabisa. Mikono huanza kutetemeka saa 6 hadi 24 baada ya tone la mwisho. Kifafa huweza kumwangusha ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa, huona wadudu ukutani, hutokwa jasho, moyo hukimbia. Mtu huyo alifika akiwa mchangamfu. Ofisa wa zamu ya tatu hakumwona alivyofika, humwona "mkorofi" anayegonga mlango, humwandikia kosa la nidhamu badala ya kumwita muuguzi, na kufikia asubuhi amekufa. Arosto, yaani mateso ya kukatiwa heroini, nayo hutapisha na kuharisha mfululizo, na upungufu wa maji huua vijana wenye afya. Hesabu ametapika mara ngapi, maji anayanywa au yanabaki kwenye kikombe, mpe muuguzi hesabu hiyo. "Hajisikii vizuri" si taarifa.

Kuna nyakati za kuongeza macho: saa 24 za mwanzo, baada ya kutoka mahakamani, baada ya simu iliyomliza, na siku chache baada ya kuondolewa kwenye ulinzi wa kujiua. Ukimkuta mtu amejinyonga, ita kwa redio kwanza, mnyanyue uzito upungue shingoni, kata kitanzi kwa kisu maalum ambacho lazima kiwepo kituoni kwako kila zamu, mlaze, na kama hapumui anza kukandamiza kifua: mikandamizo 30 kwa pumzi 2, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 au zaidi kidogo, mashine ya kushtua moyo iletwe. Ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache bila hewa. Usisimame ukisubiri muuguzi aje aseme amekufa. Kutamka kifo si kazi yako.

Nimekaa sana kwenye doria kwa sababu ndiyo inayofungisha maofisa. Jela nyingi zina vitufe ukutani ambavyo ofisa hugusa kwa fimbo ya elektroniki kuthibitisha amepita. Kitufe kinathibitisha umegusa ukuta. Kamera inaonyesha umepita mbele ya mlango mbiombio bila kugeuza kichwa. Na mbaya kuliko yote ni kuandika mbele: saa nane usiku ofisa anajaza doria za saa tisa na saa kumi ili apumzike, halafu mtu anakufa saa nane na nusu na daftari linasema saa tisa alikuwa mzima. Kughushi kumbukumbu ya serikali ni jinai Texas, na maofisa wamefunguliwa mashtaka kwa hilo. Doria ikikupita kwa sababu ulikuwa unaamua ugomvi, andika hivyo: haikufanyika, sababu ni hii, sajini fulani amejulishwa saa fulani. Doria iliyochelewa hujadiliwa na msimamizi. Doria ya uongo hujadiliwa na mwendesha mashtaka.

Mengine nitayapitia kwa kifupi. Hesabu ya watu hufanywa kwa kulinganisha uso na picha au kikuku cha mkononi, na hakuna anayehama mpaka jumla ilingane. Milango miwili ya njia moja haifunguliwi kwa pamoja. Funguo huhesabiwa unapopokea na unapokabidhi, na ufunguo uliopotea huripotiwa dakika hiyohiyo hata kama unaona aibu. Wembe hutolewa kwa jina na hurudishwa ukiwa na chuma chake. Muuguzi akigawa vidonge, ofisa huangalia chini ya ulimi na mashavuni, maana vinavyofichwa huuzwa au hukusanywa vimezwe vyote usiku mmoja. Chakula ni mara tatu kwa saa 24, na pengo lisizidi saa 14 bila kitu cha nyongeza. Ramadhani jikoni wapewe majina ya wanaofunga mapema, siyo siku ya kwanza jioni.

Nguvu zinapolazimika kutumika, Mahakama ya Juu ilisema 2015, katika kesi ya Kingsley v. Hendrickson, kwamba kwa mahabusu kinachopimwa ni kama nguvu hizo zilikuwa za busara kwa macho ya ofisa mwenye busara ambaye angekuwa pale, siyo ofisa alikuwa na nia gani moyoni. Kwa vitendo: pingu zikishaingia, usimwache kifudifudi, mlaze ubavu au mkalishe. Uzito mgongoni humzuia kupumua, naye anavyohangaika kutafuta hewa wasiojua huongeza uzito wakidhani bado anapigana.

Kuna jaribu ambalo ni letu zaidi. Jamii ya Waswahili katika mji mmoja ni ndogo, na siku moja ataingia mtu wa kanisani kwako, wa msikitini kwako, au mtoto wa shangazi wa rafiki yako. Atakuita kaka au dada. Ataomba umwambie mkewe neno moja tu. Mkewe naye atapata namba yako kwa mchungaji. Neno moja likipita, la pili ni deni, na baadaye inakuja simu au kifurushi, na hapo umeshaingia katika jinai. Njia ni moja: siku unapomtambua, mwarifu msimamizi kwa maandishi kwamba mnafahamiana, uombe asiwe kwenye kitengo chako. Ndugu zake waelekeze kwa wakili, kwenye ratiba ya kutembelea na kwenye ofisi ya dhamana. Watakasirika. Mfafanulie na mchungaji pia.

Kuhusu maombi ya kazi, wengi wetu hukwama kwenye uchunguzi wa historia. Waliopitia kambi za wakimbizi wengi waliandikiwa tarehe 1 Januari kama siku ya kuzaliwa, majina ya baba yamegeuzwa kuwa ya ukoo, na cheti cha shule kinasema vingine. Usijirekebishie mwenyewe kwenye fomu. Andika kama hati zako za Marekani zinavyosema, ambatisha maelezo ya tofauti, taja kila anwani na kila mwajiri, hata aliyekufukuza. Tofauti inaelezeka, uongo ukigunduliwa hukuondoa. Soma pia sharti la uraia kwenye tangazo lenyewe, kwa kuwa si sawa kila mahali. Utapimwa na daktari na mwanasaikolojia, utapimwa kama unatumia dawa za kulevya, utachukuliwa alama za vidole. Omba chanjo ya homa ya ini B na upimwe kifua kikuu kila mwaka.

Sharti la Texas ni ofisa 1 kwa watu 48. Jela isiyo na watu wa kutosha hulitimiza kwa kuwalazimisha waliopo kubaki zamu ya pili, na ofisa wa saa ya 15 haoni kifua kikipanda, anaona blanketi tu. Na leseni ya muda huruhusu mtu kufanya kazi hadi mwaka 1 kabla ya kumaliza kozi ya msingi, kwa hiyo unaweza kuwekwa kitengoni ukiwa hujasoma hata nusu ya niliyoyaandika hapa. Tume ya viwango vya jela ya Texas hutangaza jela zilizoshindwa ukaguzi na sababu zake. Anayetaka kuomba kazi aitafute kaunti yake humo. Kisha kwenye usaili aulize: nitakaa na ofisa mzoefu wiki ngapi kabla ya kuachwa peke yangu? Usiku muuguzi yupo jengoni au anaitwa kwa simu? Saa za ziada za lazima mwezi uliopita zilikuwa ngapi kwa kila mtu? Doria zinakaguliwa kwa kamera na nani, na kila baada ya muda gani? Akijibiwa kwa kubabaisha, kaunti ya jirani nayo inaajiri.

Ofisa wa jela ya kaunti,
Texas, Marekani